Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi

Wanachama wenzangu, wazazi, walezi na walimu wetu, hamjambo.

Kazi za kawaida za kamati mnazijua na sitazikalia. Vyoo vya wavulana vimekarabatiwa, tangi la maji limepata bomba jipya, na mikutano ya gredi imefanyika kila muhula. Hesabu atawasomea mhazini. Muda wangu nitautumia kueleza Wiki ya Masomo na Jamii tuliyoifanya mwezi Juni, kwa sababu kwangu hilo ndilo jambo kubwa la mwaka.

Tuseme ukweli. Wengi wetu hapa Dunga na Nyalenda, Kisumu, tukiitwa shuleni, roho hudunda. Mzazi anajua ni pesa au ni kesi ya mtoto. Ndiyo maana mikutanoni tunaonana akina mama wale wale. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuwa mwanachama wa chama hiki, lakini sheria haimtoi mtu nyumbani. Safari hii hatukumwita mzazi aje kusikiliza. Tulimwomba aje afundishe.

Juni tuliichagua kwa makusudi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku, hufungwa ili samaki wazaane, kwa hivyo wavuvi wengi hawakeshi ziwani na mchana hawajalala. Wakaja akina baba ambao sijawahi kuwaona mkutanoni, nyavu mabegani. Mmoja aliwatandazia Gredi ya Sita nyavu mbili kwenye nyasi, akawaambia wapitishe vidole kwenye macho ya kila wavu. Kisha akawaeleza bila kuficha kwamba ule wenye macho madogo hunasa samaki kama ngege na mbuta ambao hawajazaa hata mara moja, na kwamba wapo wanaoutumia. Watoto walimuuliza maswali mpaka kengele ikalia, na mwalimu wao alikuwa nyuma ya darasa akiandika.

Gredi ya Nne walifundishwa na mama anayeuza nafaka sokoni. Alikuja na gunia dogo la maharagwe na gorogoro mbili, yaani mikebe ya kupimia nafaka, moja nzima na nyingine imebonyezwa chini kwa nyundo. Watoto walijaza zote mbili, wakamimina kwenye mizani, wakaandika tofauti, kisha wakapiga hesabu ya anachopoteza mnunuzi wa gorogoro kumi. Mtoto mmoja akauliza, "Na wewe unatumia ipi?" Akainua ile nzima, akasema waje sokoni siku yoyote waipime. Darasa lilimpigia makofi. Mtaala wa umilisi unataka watoto wajifunze kwa vitendo na wazazi washirikishwe. Mimi siku ile niliona maana yake kwa macho.

Jioni kulikuwa na kusoma pamoja, mtoto akimsomea mzazi au nyanya yake. Kulienda vizuri, ingawa vitabu havikutosha.

Lakini kilichonigusa zaidi kilitokea tarehe 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Watoto walipewa nafasi ya kutuuliza sisi wakubwa. Msichana wa Gredi ya Tano alisimama akauliza kwa nini wenzake husinzia kabla ya saa sita na hakuna anayewauliza kama wamekula. Kamati nzima ilinyamaza. Elimu ya msingi haina karo tangu mwaka 2003, na shilingi 1,420 ambazo serikali hutenga kwa kila mtoto kwa mwaka ni za vitabu na uendeshaji wa shule. Uji uko juu yetu. Na miezi ile ile iliyotuletea wavuvi darasani ndiyo miezi ambayo nyumba zao hazina kipato. Tulifurahia kuwaona bila kujiuliza watoto wao wamelala na nini.

Kwa hivyo kamati inaleta maombi matatu. Wiki hii ifanywe kila Juni, na siku moja iwe Jumamosi, kwa kuwa wazazi wa bodaboda na walinzi wa usiku hawakupata nafasi. Pili, tuanzishe mfuko wa uji wa muhula wa pili, anayeweza atoe pesa, asiyeweza atoe mahindi, mtama, kuni au zamu ya kupika, na asiwepo mtoto atakayenyimwa kikombe kwa sababu mzazi wake hajatoa. Tatu, mwalimu mkuu amekubali kwamba kila muhula mzazi apokee angalau barua moja ya kumweleza mtoto wake anafanya nini vizuri. Naomba tuliunge mkono.

Rasimu ya maazimio iko kwa katibu. Wawakilishi wa gredi wataanza kuzungumza, Gredi ya Kwanza ikitangulia, kisha tupige kura kabla ya mhazini kusoma hesabu.