Kwa binti yangu, kabla hujashuka bwawani

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, na habari kwamba Jumamosi unashuka bwawa la Nyumba ya Mungu kuhesabu ndege. Mama yako kafurahi. Mimi jana nimesikia redioni mamba kamjeruhi mvuvi. Si bwawa hilo, lakini mamba ni yule yule.

Najua utaniambia wiki hizi hazingoji. Korongo weupe wanarudi Ulaya kuzaliana, na wale vitwitwi wa Siberia, ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, vifua vinageuka vyekundu huku wakijaza mafuta ya safari. Ukichelewa umewakosa hadi mwezi wa nane au wa tisa. Hayo nimeyashika, usidhani baba yako hasikii. Ila waliozuia mto Pangani miaka ya 1960 walitaka umeme, mamba wakapata makazi ya bure. Masika hii mito ya Kikuletwa na Ruvu inashusha maji ya tope, bwawa linapanda hadi kwenye nyasi, na vitwitwi wako wanakula hapo hapo ukingoni. Jicho likiwa kwenye darubini, miguu inaangaliwa na nani?

Tafuta mvuvi wa pale umlipe, yeye aangalie maji, wewe uangalie ndege. Usikaribie ukingo. Mtumbwi usipande, hasa jioni viboko wakitoka kwenda malishoni. Hata kama mwalimu wako kapanda.

Kwa majirani najivuna: binti yangu anamtambua ndege kwa mlio tu. Ila kutupigia simu hujui, habari zako tunazipata kwa mdogo wako! Mwaka ule niliposema ndege hawalipi ada, deni la mbolea lilikuwa limenikaba. Basi hiyo elfu hamsini niliyotuma ni ya mvuvi, si ya vocha.

Ng'ombe kazaa, ndama dume. Paa la jikoni bado linavuja, fundi kila siku ni kesho. Mama yako anataka perege wakavu, wasiwe wale wa barabarani wenye mchanga. Nunua kwa wavuvi wenyewe, lakini wasubiri wafike nchi kavu, usiwafuate majini.

Ukifika nipigie. Ukiondoka bwawani nipigie tena, hata kama ni usiku, simu nitalala nayo.

Baba yako