Anza na wanane: barua kwa rafiki anayefungua karakana ya batiki Tanga

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Natumaini wewe na wote nyumbani hamjambo. Nimefurahi mno kusikia mmepata banda na fedha za kuwafundisha vijana batiki. Ila lile wazo la kuchukua vijana 30, kuwafundisha wiki tatu na kuwagawia vyeti, nakuomba uliache. Banda lenye jiko moja na mabeseni manne linabeba watu wanane. Wa tisa atabaki kutazama wenzake, na cheti pekee hakitampa kazi.

Chukua wanane, uwafundishe mpaka waweze kutoa rangi ileile leo na mwezi ujao. Ajira ya batiki iko hapo. Mgeni ananunua kipande kimoja na kuondoka, lakini kwaya, kamati ya harusi au wanakikoba wanapotaka sare, wanataka vipande 25 vinavyofanana. Mwakani wakiongezeka wanachama, watarudi kutaka vitano zaidi. Kikundi kinachoweza kuvitoa kitakuwa na oda mwaka mzima. Kisichoweza kitapata oda moja tu, na lawama juu yake.

Basi fundisha kupima kuliko kitu kingine chochote. Nunueni mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kijiko ndicho kinachoharibu rangi: kijiko cha unga uliojaa na cha unga uliolegea havilingani uzito, na kila kijana ana mkono wake.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Mkiwa dukani ombeni uzi mmoja muuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini chenye nailoni au poliesta kinayeyuka na kuacha kidonge kigumu, na hicho hakishiki rangi hizi vizuri. Kabla ya kuchapa, kichemsheni nusu saa kwa sabuni na magadi kidogo, msuuze, mkaushe. Wanga wa kiwandani usipotoka, rangi itakaa mabaka. Faida nyingine ni kwamba kitasinyaa mikononi mwenu, si baada ya mteja kushona gauni.

Nta, ile inayochapwa kwenye kitambaa ili rangi isishike hapo, changanyeni sehemu mbili za nta ya mishumaa kwa moja ya nta ya nyuki. Ya mishumaa peke yake inapasuka ovyo, rangi inapenya kila mahali. Ya nyuki inaipa ulaini. Kujua kama moto unatosha, tazameni kitambaa: nta iliyopenya inakifanya kiangaze kama karatasi iliyolowa mafuta, upande wa chini pia. Ikikaa juu nyeupe, imepoa, na rangi itapita chini yake. Ikianza kutoa moshi, imezidi. Ondoeni sufuria motoni mara moja. Ikishika moto, funikeni kwa mfuniko na kuzima jiko, kamwe msimwage maji. Hili wafundishe siku ya kwanza, kabla jiko halijawashwa.

Sasa rangi, na hapa naomba usome polepole. Nazungumzia zile za unga zinazohitaji kostiki soda (kemikali kali inayounguza ngozi) na haidrosalfaiti (unga unaosaidia rangi kuyeyuka majini). Kwa kipande cha mita 5 anzeni jaribio na rangi gramu 25, kostiki gramu 40 na haidrosalfaiti gramu 50, maji yote lita 8. Koroga rangi kwa maji kidogo iwe uji. Chukua lita moja ya maji ya moto kiasi, yasiyokaribia kuchemka, tia kostiki ndani ya maji (usimimine maji juu ya kostiki, itaruka usoni), kisha ule uji wa rangi, halafu nyunyiza haidrosalfaiti huku ukikoroga taratibu. Funika dakika 10 hadi 15. Rangi itabadilika kabisa, pengine bluu ionekane kijani au manjano. Kijana asiyeambiwa atadhani imeharibika na kuongeza unga, mwambieni mapema. Kisha mimina kwenye maji ya baridi yaliyobaki, na yote yawe vuguvugu tu, kwa sababu yakiwa ya moto yanalainisha nta na michoro inakwenda.

Kitambaa kiingie kikiwa kimeloweshwa, kizame chote, kigeuzwe dakika 10 bila kutokeza juu. Sehemu iliyopata hewa mapema inabaki na doa. Kikitoka, tandazeni kivulini nusu saa bila mikunjo, hewa iirudishe rangi yake halisi, ndipo msuuze. Mkitaka rangi ya pili, rudieni nta juu ya sehemu za kuhifadhi, mwende kwenye rangi iliyokolea zaidi. Mwisho chemsheni kwa maji mengi ya sabuni; nta itaelea, na maji yakipoa itaganda juu, muikusanye, muikaushe na kuitumia tena.

Msitumie sufuria za alumini kwa kostiki. Najua ndizo zilizojaa kila jiko, lakini kostiki inazila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Glavu zifike kwenye viwiko, macho yafunikwe, kazi ifanyikie nje au penye upepo. Kostiki ikimgusa mtu, maji mengi papo hapo. Haidrosalfaiti nayo, kwa unyevu wa pwani yenu, inapoteza nguvu kopo likiachwa wazi, na ikidondokewa na maji kidogo inaweza kupata joto hadi kuwaka. Ikae kwenye kopo kavu lenye mfuniko wa kubana, mbali na mabeseni. Rangi inapofifia bila sababu, anzeni kulichunguza kopo hilo.

Kwa oda ya sare, msitumbukize vipande 25 kimoja kimoja kwenye beseni lilelile. Cha kwanza kitakolea na cha kumi kitapauka. Kila kipande kipewe rangi mpya iliyopimwa, au vitano pamoja kwenye pipa kubwa kwa vipimo mara tano. Wekeni daftari: tarehe, uzito wa kila kitu, maji, dakika, na kipande cha kitambaa kilichobandikwa kando. Daftari hilo ni mali ya kikundi kuliko jiko. Rangi iliyobaki itumieni kwa vitambaa vya rangi hafifu, na mabaki ya mwisho yasimwagwe karibu na kisima.

Bei. Tuseme kitambaa mita 5 ni shilingi 20,000, rangi na dawa 5,000, nta 1,500, mkaa na maji 1,500. Hiyo ni 28,000. Watu wawili wakitoa vipande 6 kwa siku na kila mmoja anastahili 12,000, ujira ni 4,000 kwa kipande. Ongeza 3,200 ya vitakavyoharibika na 3,500 ya mfuko wa kikundi: 38,700. Wengi huuza 30,000 wakiona wamepata faida ya elfu mbili, kumbe kijana amefanya kazi karibu bure. Ndiyo maana vijana hukimbilia bodaboda, na siwalaumu. Ile 4,000 igawanyeni kwa kazi: 1,500 kwa mchapaji, 1,500 kwa mtia rangi, 1,000 kwa anayechemsha na kupiga pasi. Kugawana sawa bila hesabu kunavunja vikundi haraka kuliko kukosa soko.

Kuhusu michoro, twiga na jua linalozama vimejaa kila duka. Wapeleke vijana kwa akina mama wanaosuka ukili, wajifunze mpangilio wa mikeka, na muwalipe kwa muda wao. Michoro ichongwe kwenye sponji nene lililobandikwa ubaoni, au mbao kwa mtakayoitumia miaka. Haki ya mchoro inaanza unapochorwa, lakini uandikisheni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili mkibishana na mtu muwe na ushahidi, na hifadhini picha zenye tarehe.

Usajili wa kikundi anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii. Mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 kati ya hizo 10 ni za vijana, unapitia hapohapo. Kanuni zake zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ombeni masharti ya sasa kwa maandishi. Msikope kabla ya oda ya pili. SIDO mkoani, shirika la viwanda vidogo, waulizeni mafunzo na vifaa, na afisa utamaduni atawaelekeza kuhusu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Ukishapata wanane wako, fanyeni jaribio la vipande vitatu vya rangi moja kwa siku tatu tofauti. Nitumie mkato wa kila kimoja pamoja na ukurasa wa daftari, nikuandikie tofauti imetoka wapi.

Wasalimie wote.

Rafiki yako akupendaye