Mhariri, ule waya wa mbele mmeuruka

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya bindingi za snoubodi za msimu, yaani vile vifungo vinavyoshika buti kwenye ubao wa kuteleza juu ya theluji, ile mliyoipa kurasa zote zile na mapicha ya kung'aa, nikairudia mara ya pili nikidhani labda nimeruka ukurasa. Sikuruka. Buti laini mmezipa kila kitu, za mikanda, za kukanyaga, za kufungukia nyuma, mpaka rangi za mikanda mmezijadili, alafu sisi wa buti ngumu tukatupiwa sentensi moja kule mwishoni, eti bindingi zetu zilishakomaa zamani, hazina cha kuongezwa. Mi sio mtu wa kuandika barua. Nimewasoma miaka na miaka, mmekosea majina ya washindi nimenyamaza, mmeita bodi ya mashindano skii, zile mbao mbili kila mguu na wake, nimenyamaza. Ila hili la kukomaa hapana, hili siwezi kulimeza.

Kwa wasiojua, maana makala yenu haikuhangaika kueleza: bindingi ya buti ngumu ni pleti, nyuma ina waya mnene uliopindwa unaoshika kisigino cha buti, mbele ina waya mwingine wenye leva, unaingiza kisigino, unainama, unabana leva juu ya vidole, kwisha. Mikanda hamna. Buti lenyewe ni plastiki ngumu kama la skii, na miguu yote miwili inaelekea mbele, digrii 55, 60 na kuendelea, kwasababu bodi ni nyembamba, kiunoni sentimita 18 mpaka 20 hivi, ukiweka mguu kiubavu kama watu wa buti laini vidole na kisigino vinatoka nje vinaburuza. Alafu unakata kona umelala kabisa, nyonga inakaribia kugusa theluji. Sasa hebu niambieni, ukiwa umelalia upande wa visigino, uzito wako wote, juu yake kuna nguvu ya kona inayotaka kukutupa nje, ni kitu gani kinazuia vidole visinyanyuke? Waya. Ndio huohuo. Snoubodi ilipoingia Olimpiki, Nagano 1998, slalomu kubwa, mbio za kushuka ukikata kona kwenye milango, ilikimbiwa kwa buti ngumu na pleti za waya, na leo ukifungua boksi jipya kabisa unakutana na pleti na waya. Hiyo ndio mnaita kukomaa?

Wangu ulikatika. Ilikuwa asubuhi, mteremko umetoka kusawazishwa na mashine, theluji ngumu ile tunayoipenda, niko kwenye kona ya kisigino kasi imekolea, nikasikia tak! Mguu wa mbele uko hewani na wa nyuma umefungwa vilevile kwenye bodi ndefu kuliko mimi ninavyofika begani, bodi inazunguka inavyotaka yenyewe na goti langu linaifuata. Waliokuwa juu kwenye lifti ya viti wakanishangilia, walidhani ni mbwembwe. Nilipokuja kuifungua ile bindingi mezani, goti likiwa limefungiwa barafu, ndio nikaona mambo. Waya ulikatikia pale unapopinda kuingia kwenye kile kibonge cha pembeni, sehemu ambayo huwezi kuiona hata ukiinama na tochi mpaka ufungue bolti. Na uso wa mkatiko ulikuwa wa rangi mbili: nusu imeshaiva kutu, nusu inang'aa. Maana yake nini? Maana yake ule ufa haukuanza siku ile, ulikuwa unatembea taratibu humo ndani msimu mzima labda, kila kona unasogea kidogo, na mimi kila asubuhi naifuta bindingi naiona nzima naondoka nayo.

Nikawaandikia waliotengeneza, siwataji. Wakanijibu kwa upole kabisa kwamba nyaya ni kitu cha kubadilishwa mara kwa mara. Sawa, mara kwa mara ni lini? Kila msimu? Baada ya kona ngapi? Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 wanabadilisha pamoja? Anayeteleza kwenye theluji laini na anayesaga barafu kila siku? Mpaka leo kimya.

Na hapa ndio damu inanichemka Mhariri, naomba usikate hii sehemu. Ukiuliza kwanini bindingi za snoubodi haziachii mguu ukianguka kama za skii, jibu la watengenezaji ni lilelile kila siku, kwamba ukiwa na miguu miwili kwenye bodi moja, mmoja ukiachia na mwingine ukabaki, goti la ule uliobaki linanyongwa, kwahiyo afadhali yote ibaki. Nakubali, hoja ina akili. Lakini sasa waya wa mbele ukikatika, huo si mguu mmoja kuachia? Ni kitu kilekile wanachosema ni hatari kiasi kwamba hawataki hata kukijaribu, tofauti ni kwamba hiki kinatokea bila mpango, katikati ya kona, kwenye kasi, wakati ambapo mtu hayuko tayari kabisa! Ester Ledecká, yule Mcheki, pale Olimpiki ya Pyeongchang 2018 alishinda super-G ya skii, mbio za kushuka kwa kasi, kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, wiki moja baadaye akavaa buti nyingine akashinda slalomu kubwa ya sambamba, ile ya wawili wawili, kwenye snoubodi, mtu mmoja, Olimpiki moja, dhahabu mbili. Nyinyi wenyewe mliliandika kwa mbwembwe. Hakuna kati yenu aliyeangalia chini ya miguu yake? Kwenye skii alikuwa na bindingi yenye namba ya nguvu ya kuachia mguu, inayopimwa kwa uzito na urefu wa buti na uzoefu, ina springi, ina mashine ya kuihakiki, ina viwango vya kimataifa vya namna fundi anavyotakiwa kuirekebisha. Sisi kwenye bodi, tuseme ukweli, mtu anafunga bindingi yake mwenyewe kwenye maegesho na bisibisi, anapiga leva kofi mbili, ikilia vizuri anapanda lifti. Alafu mnasema imekomaa. Imekomaa kwa nani?

Msije mkaniambia suluhisho ni zile za kukanyaga za buti ngumu. Nazo nimetumia. Zile kisigino cha buti kina pini mbili zinazoingia kwenye matundu, ukitaka kutoka unavuta kebo inayopanda mguuni. Kwanza, nyuma wamebadilisha ila mbele ni uleule waya. Pili, theluji. Ukitembea hatua chache tu buti linabeba theluji chini, ukikanyaga inagandamizwa inakuwa barafu, pini moja inaingia nyingine inabaki nusu, na wewe kwa juu umesikia klik umeridhika. Huna pa kuangalia. Hakuna alama nyekundu, hakuna kijani, hakuna chochote, unatikisa mguu unamwachia Mungu.

Na kwakuwa nimeitaja hiyo kebo, kwani watengeneza suruali za theluji wana ugomvi gani na sisi? Hiyo kebo ina kishikio, kishikio kinatakiwa kikae karibu na mkono, na suruali hazina tundu la kukipitisha. Basi unachukua mkasi, suruali mpya kabisa isiyopitisha maji, unatoboa mfuko ili kishikio kitokee humo, kuanzia hapo inapitisha maji. Wasiotaka kutoboa wanakiacha chini pale pindo, kila kutoka lazima uiname umevaa plastiki mpaka katikati ya muundi, hiyo kuinama ndio ulinunua bindingi ya kukanyaga uikwepe. Lakini mfuko wa kuweka kadi ya lifti upo kwenye mkono, upo kifuani, mwingine upo sijui wapi. Zipu za simu zimejaa. Tundu moja dogo lenye raba hakuna. Haya.

Skrubu nazo sisemi sana. Vichwa vya msalaba vinavyoliwa na bisibisi mara ya tatu, na ukiongeza kabari ya kuinamisha mguu inabidi ubadilishe urefu wa skrubu, ikiwa ndefu inasukuma bodi kwa chini inatokeza kinundu, ikiwa fupi inashikilia nyuzi mbili tatu siku ukilala nayo inang'oka, na zote zinauzwa kwenye kamfuko kamoja zinafanana, hakuna aliyejisumbua kuandika urefu juu ya kichwa.

Wapo waliojaribu, nisiwe mnyimi. Kuna watengeneza bindingi, Bomber waliweka raba kati ya pleti na bodi, unachagua ugumu unaotaka, bodi inapata kupinda vizuri chini ya mguu. Catek walikupa skrubu za kuinamisha mguu kidogo kidogo badala ya kabari zilizokwisha kukatwa digrii zake. Hizo zilikuwa akili za watu wanaoteleza wenyewe. Burton wao walishaondoka kwenye buti ngumu zamani, soko dogo, naelewa biashara. Ila hoja ya soko dogo nimeichoka, maana ninachoomba sio kaboni wala kitu cha kuongea na simu. Siku hizi hata wanaopanda milima na bodi zinazogawanyika vipande viwili vya kupandia wanahamia buti ngumu, watu watafika huko juu mbali na kila kitu, wakiwa wameninginia kwenye waya ambao hakuna anayejua umri wake.

Tairi la gari lina alama ya kukuambia limekwisha. Waya unaoshikilia goti la mtu hauna. Kwahiyo ninachotaka ni hiki, andikeni kabisa: ule waya wa mbele upigwe muhuri wa mwezi na mwaka uliotengenezwa. Kile kibonge cha pembeni kitobolewe kidirisha, milimita 4 zinatosha, pale panapopinda, ili mtu aone ufa kabla ufa haujamuona yeye. Na chini ya leva ipitishwe kebo nyembamba ya chuma ya akiba, isiyofanya kazi yoyote, ikae tu bwete, mpaka siku waya ukikatika ndio ishike buti lisitoke mtu apate nafasi ya kujiangusha kwa heshima. Kama hayo ni magumu basi nina pendekezo rahisi zaidi: kila mkuu wa kiwanda, siku ya kuzindua bindingi mpya, atolewewe ghalani waya wa zamani kuliko wote waliobaki nao, afungiwe, apandishwe kwenye mteremko wa barafu, akate kona mbili za kisigino mbele ya waandishi wa habari. Akishuka salama atuambie zimekomaa, tutamwamini.

Ni mimi msomaji wenu, goti la kushoto limepona kiasi.

NB: Ile picha pekee ya bindingi ya buti ngumu mliyoiweka kwenye makala imefungwa kinyume. Leva ya vidole iko upande wa kisigino. Tafadhali sahihisheni toleo lijalo, kuna mtu ataiga.