Majenerali hawakumng'oa Kaiser

Mhariri,

Makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu kuanguka kwa ufalme wa Ujerumani mwaka 1918 imenifurahisha, ila mwandishi amewavisha majenerali koti lisilo lao. Anasema Kaiser, yaani mfalme mkuu, Wilhelm wa Pili aliondolewa na wakubwa wenzake, na kwamba maandamano ya mitaani yalikuwa makelele tu.

Wakubwa walianza, sikatai. Tarehe 29 Septemba, huko Spa, Ubelgiji, kwenye makao makuu ya jeshi, majenerali Ludendorff na Hindenburg walimwambia Kaiser vita vimewashinda, waombe mapigano yasitishwe upesi, na serikali iwe mikononi mwa wabunge. Walichotafuta ni mtu wa kumtwisha aibu ya kushindwa. Kiti cha enzi hawakukigusa. Hata Ebert, kiongozi wa wajamaa wa SPD, angeridhika ufalme ubaki ilimradi Wilhelm aondoke.

Sasa twende bandari ya kivita ya Wilhelmshaven, mwisho wa Oktoba. Maamiri wanaamuru meli zitoke zikapambane na Waingereza, ilhali serikali yao inaomba amani. Ndani ya manowari Thüringen na Helgoland mabaharia wanagoma, na watia makaa wanazima moto kwenye matanuri. Manowari isiyo na mvuke, hata iwe na mizinga mikubwa namna gani, ni jumba la chuma linaloelea. Tarehe 3 Novemba watu wa Kiel, bandari nyingine ya kivita, waliandamana kudai mabaharia waliokamatwa waachiwe. Doria ikafyatua risasi, wakafa saba. Kesho yake mji ulikuwa mikononi mwa mabaharia.

Tarehe 7 ikawa zamu ya München, mji mkuu wa Bavaria. Mfalme Ludwig wa Tatu alitoroka usiku, na ukoo wa Wittelsbach uliotawala Bavaria zaidi ya miaka 700 ukaishia hapo. Mtawala wa Braunschweig, dola nyingine ndogo ndani ya Ujerumani, akajiuzulu siku iliyofuata. Hao nao walishinikizwa na jenerali yupi?

Mwandishi anategemea sana kikao cha Spa cha tarehe 9, pale makamanda 39 walipoulizwa kama askari wao wangemfuata Kaiser kurudi kuukomboa mji mkuu. Mmoja tu alijibu ndiyo. Jenerali Groener, aliyeshika nafasi ya Ludendorff, akamweleza bwana wake kwamba jeshi litarudi nyumbani, lakini si chini yake. Hilo ndilo analoliita shinikizo la wakubwa! Mimi naona karani anayesoma matokeo ya kura zilizopigwa na wengine. Na Berlin, ambako wafanyakazi walikuwa wamejaa barabarani wakielekea katikati ya mji, Chansela Max wa Baden alitangaza mchana huohuo kwamba Kaiser amejiuzulu, bila hata kusubiri ridhaa yake. Scheidemann, mwenzake Ebert katika SPD, akatangaza jamhuri kutoka dirisha la bunge. Ebert alimfokea.

Tena, kama ufalme huanguka kwa saini za wakubwa, basi huu ulianguka 28 Novemba, siku Wilhelm alipotia saini hati ya kujiuzulu huko Uholanzi, alikokimbilia tangu tarehe 10. Siku tatu kabla ya saini hiyo, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, wengi wao wa huku kwetu, walikuwa wameshaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Kwa makaratasi, walikuwa bado wanamtumikia Kaiser.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga