Kwa nini njia yetu haikufikishi kwenye okidi

Wiki iliyopita baba mmoja aliyekuja na wanawe watatu alitubana: "Mmetutembeza saa mbili, tumefungua makopo sita, na ile okidi, ua mlilolisifia, hatujaiona. Iko wapi?"

Ipo, mzee wetu. Ila hatumpeleki mtu.

Kwa mgeni wa jiokashi: ni mchezo wa kusaka kopo lililofichwa, ukifuata nambari za GPS kwenye simu. Ulianzia Oregon, Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya satelaiti kwa raia. Ukilipata kopo, unatia sahihi daftarini na kulirudisha palepale. Sisi hapa jimboni Iowa tunatia na kadi ya Kiswahili: picha ya mmea, pamoja na fumbo la kopo linalofuata.

Okidi yenyewe ni Platanthera praeclara. Maua yake ni meupe, yana matamvua ukingoni, hunukia usiku na kuchavushwa na nondo wakubwa wenye mrija mrefu wa kufyonzea. Tangu 1989 inalindwa na sheria ya taifa. Huota kwenye preri, yaani uwanda wa nyasi ndefu. Preri hiyo ilikuwa imefunika zaidi ya asilimia 70 ya Iowa. Leo haifiki hata asilimia moja, kwingine ni mahindi na soya. Nambari ya GPS ikishasambaa, nani atairudisha? Atakuja mpiga picha akanyage, kisha mwenye sepeto ang'oe. Na akiipanda kwake huenda ikafa, maana okidi hii hutegemea kuvu wa udongo wake.

Basi makopo yetu yako kando ya njia, kwa idhini ya mwenye ardhi, na hakuna lililofukiwa.

Kusema kweli, watoto hupenda zaidi Silphium laciniatum, ambao sisi tunauita mmea-dira. Kopo la nne hulipati kwa simu. Unaizima, unautafuta mmea huo: majani yake ya chini husimama wima, nyuso zikitazama mashariki na magharibi, kingo zikielekea kaskazini na kusini. Hesabu hatua 30 kaskazini. Ipi kaskazini? Uliza jua. Wanaopotea hapo ni watu wazima.

Okidi huchanua mwishoni mwa Juni hadi Julai, na kadi yake iko kopo la sita. Vaeni soksi ndefu, kupe wapo. Mlangoni kuna brashi: sugueni soli kabla ya kuingia, mbegu za magugu husafiri na matope.