Wito wa Harambee ya Kuunganisha Karakana Yetu na Mahali pa Kazi

Waheshimiwa wazazi na walezi, wahitimu wetu mlioko makazini, waajiri wadogo kwa wakubwa, viongozi wa dini na wa jamii, pamoja na marafiki wote wa chuo chetu cha ufundi stadi,

Tunawaandikia kuwaomba mchango, na ni haki yenu kujua tangu mwanzo kwamba safari hii hatuombi jengo. Harambee nyingi za shule huanza na ramani na kuishia kwenye jiwe la msingi, nasi hatuzibezi, kwa kuwa madarasa tunayoyatumia leo yalipatikana kwa njia hiyo hiyo. Tunachokiomba sasa hakitaonekana na mtu anayepita barabarani: ni uwezo wa kuhakikisha kwamba kile anachofundishwa kijana katika karakana yetu ndicho kinachohitajika kazini katika eneo zima linalotuzunguka, na kwamba mahitaji hayo yanapobadilika, chuo kinapata habari mapema na kubadilika nayo.

Sababu ya wito huu tuliipata kwa mhitimu wetu mwenyewe. Alisomea umeme wa viwandani, akafaulu vizuri, akapewa nafasi ya majaribio kiwandani. Siku ya kwanza alipofunguliwa kabati la kuendeshea mitambo alikuta vidhibiti vinavyopangiwa kazi kwa programu ya kompyuta, ambavyo sisi hatukuwahi kumwonyesha hata kimoja, kwani somo letu la udhibiti wa mota lilikuwa likiishia kwenye relei na kontakta, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Msimamizi wake hakumfokea. Alimweleza kwa upole kwamba kampuni haikuwa na muda wa kuanza naye upya. Kijana alirudi chuoni na cheti chake mkononi, akatuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo vipo. Hatukuwa na jibu, na kosa lilikuwa letu. Jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba wakati huo huo waajiri tuliowatembelea walikuwa wakilalamika kwamba wanatafuta mafundi wa mitambo hiyo na hawawapati, hata wakalazimika kuwaita kutoka mbali kwa gharama kubwa. Vijana wasio na kazi na kazi zisizo na mafundi zilikuwa zikiishi katika eneo moja bila kukutana.

Pengo la namna hii halizuki kwa uzembe wa mtu mmoja. Mtaala huandikwa mara moja ukatumika kwa miaka mingi. Mashine hununuliwa au hupokewa kama msaada, na tangu siku hiyo somo hufuata mashine iliyopo, badala ya mashine kufuata somo linalotakiwa. Mkufunzi aliyeacha kiwanda miaka mingi iliyopita huendelea kufundisha kiwanda kile alichokiacha, naye mwajiri, ambaye ndiye anayeyaona mabadiliko yakitokea mbele ya macho yake, hana mahali rasmi pa kuyasema. Charles Prosser, mmoja wa waliopigania sheria ya mafunzo ya ufundi ya Marekani ya mwaka 1917, alishikilia kwamba mafunzo ya kazi hufaa kwa kadiri mazingira ya kujifunzia yanavyofanana na mazingira ambamo mwanafunzi atakuja kufanyia kazi. Kwa kipimo hicho, sehemu ya karakana yetu imeachwa nyuma, na tunaona ni heri kulikiri hilo mbele yenu kuliko kuwapokea vijana wengine na kuwapitisha njia ile ile.

Hasara yake haiishii kwa kijana na familia yake. Mashine ya kusindika mazao inapoharibika na fundi hayupo karibu, inasimama siku nyingi, mazao yanaoza, mkulima anakosa mnunuzi, na mwenye mashine anaanza kufikiria kuihamishia mahali ambako atapata matengenezo. Mwekezaji anayepima mahali pa kufungua kazi huuliza habari za umeme, barabara na maji, kisha huuliza nani ataitunza mitambo yake. Tukiwa na jibu la maswali matatu ya kwanza na tukakosa jibu la swali la nne, kazi itakwenda kwingine, na pamoja nayo mishahara ambayo ingetumika kununua bidhaa kwa jirani zetu, kulipa karo na kuanzisha biashara nyingine ndogo.

Kuna mfano mmoja ambao tumeuzungumza mara nyingi katika vikao vyetu, kwa sababu ulianza kwa harambee kama hii. Katika mji mdogo wa Mondragón, kaskazini mwa Hispania, padri kijana aitwaye José María Arizmendiarrieta alifika mwaka 1941, muda mfupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuiacha nchi ile katika ufukara. Aliona kwamba vijana wengi wa mji hawakuwa na njia ya kupata ufundi wa maana, akawaendea wananchi kuomba michango, na mwaka 1943 shule ya ufundi ikafunguliwa ikiwa na wanafunzi wapatao 20. Mwaka 1956, vijana watano waliopitia shule hiyo walianzisha karakana yao, wakatengeneza majiko ya mafuta. Mwaka 1959 ikaanzishwa benki ya ushirika ya kukusanya akiba za watu wa eneo hilo na kuzikopesha biashara mpya za namna hiyo. Leo kundi la vyama vya ushirika lililotokana na mwanzo huo linaajiri makumi ya maelfu ya watu, na ile shule ndogo ni chimbuko la chuo kikuu. Hatuahidi kwamba chuo chetu kitazaa mambo makubwa kama hayo. Tunachokiona hapo ni mpangilio wake: watu walichangia shule, shule ikatazama kazi zilizohitajika, mafundi wakabaki katika eneo lao na kulijenga, na akiba za majirani zikawarudia majirani.

Nchi ambazo zimefanikiwa kuyaweka mafunzo karibu na kazi hazikuliacha jambo hili kwa bahati. Nchini Ujerumani, chini ya sheria ya mwaka 1969 ambayo imerekebishwa mara kadhaa, mwanagenzi hutia saini mkataba na mwajiri, hutumia sehemu kubwa ya wiki kazini na siku moja au mbili chuoni, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka miwili hadi mitatu na nusu, na mtihani wake wa mwisho hupimwa na jopo lenye wawakilishi wa waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na walimu. Kwetu sisi, jopo hilo ndilo lenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa linampa mwajiri wajibu wa kusema fundi mzuri ni yupi kabla hajapata nafasi ya kulalamika kwamba hakupewa. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya mafunzo haya zitathmini mahitaji ya ajira ya maeneo yao angalau kila baada ya miaka miwili, tena kwa kushauriana na waajiri, walimu, wazazi na wanafunzi. Sisi hatuna sheria inayotulazimisha kufanya hivyo, lakini hakuna kinachotuzuia kuanza.

Jambo la kwanza litakalofanywa na mchango wenu, basi, ni kuunda baraza la ushauri la waajiri, lenye kikundi kwa kila fani inayofundishwa chuoni, na kugharamia uchunguzi wa mahitaji ya kazi utakaorudiwa kila baada ya miaka miwili. Wakufunzi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho watakwenda kiwanda kwa kiwanda, karakana kwa karakana, hospitali, mashamba na hoteli, wakiuliza maswali yale yale: ni kazi zipi zinakosa watu, ni mashine zipi zinaingia, ni stadi zipi mnazilipia mafundi wa mbali. Watauliza pia habari za wahitimu wetu, yaani nani ameajiriwa, nani amejiajiri, na nani ameacha fani aliyoisomea na kwa sababu gani. Matokeo yatawekwa mezani mbele ya baraza, na baraza litatia saini orodha ya kazi ambazo kila mhitimu wa fani husika lazima aweze kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe. Vifaa vitanunuliwa baada ya hapo, wala si kabla. Tunajua kwamba wapo wachangiaji wanaopenda kuona mashine mpya ikipokewa kwa shangwe mwezi ule ule waliotoa fedha, na tunawaomba wavumilie, maana haraka ya aina hiyo ndiyo iliyojaza stoo yetu vitu visivyotumika. Sehemu ya fedha za vifaa itatengwa kwa ajili ya vipuri, matengenezo na mali ghafi za mazoezi, kwani mwanafunzi hajifunzi kuchomelea kwa kutazama elektrodi moja ikipitishwa mikononi mwa watu 30.

Sehemu ambayo kwa maoni yetu inasahauliwa kuliko zote ni mkufunzi. Tunaweza kununua kila kitu kinachouzwa, lakini kama anayekifundisha hajawahi kukitumia mbele ya mteja anayesubiri na msimamizi anayetazama saa, kitabaki kuwa mfano wa darasani. Tumekusudia kila mkufunzi wa fani apate majuma kadhaa kila mwaka ya kurudi kazini, akae na mafundi, aone makosa yanayotokea kwa kweli na namna yanavyorekebishwa, kisha arudi na kuandika upya mazoezi yake. Gharama ya mpango huu ni ya kumlipa mwalimu wa kushika nafasi yake kwa majuma hayo, pamoja na posho ndogo ya kujikimu. Ni gharama ambayo mfadhili wa mbali huwa vigumu kuielewa, kwa kuwa haina picha ya kupigwa, na ndiyo maana tunawaletea ninyi mnaotufahamu. Kwa upande mwingine wa njia hiyo hiyo, tunawaomba waajiri watuazime mafundi wao mahiri kwa siku chache kila muhula waje kufundisha karakanani.

Kwa wanafunzi, fedha zitalipia nauli, bima, viatu na mavazi ya kinga wakati wa mafunzo kazini, pamoja na mratibu mmoja ambaye kazi yake itakuwa kuwatembelea huko waliko. Tumeshuhudia mwanafunzi akipelekwa mahali pa mafunzo na kutumwa kufagia na kuchota maji kwa miezi mitatu, na hakuna mtu wa chuo aliyefika kuuliza amejifunza nini. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023 kuhusu uanagenzi wenye ubora, linataka mwanagenzi awe na makubaliano ya maandishi, ujira au malipo mengine yanayofaa, na ulinzi wa usalama na afya yake kazini. Tutayafuata hayo, na mwajiri asiyekuwa tayari kuyakubali hatutampelekea mwanafunzi hata kama ni rafiki wa chuo. Wasichana waliochagua uchomeleaji, umeme na ufundi magari watapangiwa mahali ambapo mratibu ameridhika kwamba wako salama na wanapewa kazi ya fani yao.

Wapo waliotuuliza, nao wana haki ya kuuliza, je, kwa kuwasikiliza waajiri kiasi hiki hatutakifanya chuo kuwa bohari la vibarua wa kampuni chache? Hatari hiyo ipo. Kijana aliyefundishwa mashine moja ya kiwanda kimoja hupata kazi upesi, lakini kiwanda kikifungwa au mashine ikibadilishwa, anaachwa mikono mitupu katika umri ambao ni vigumu kuanza upya. Kwa hiyo hesabu, usomaji wa michoro, mawasiliano, usalama kazini, matumizi ya kompyuta na utunzaji wa hesabu za biashara vitabaki kuwa msingi wa kila fani, na hakuna mwajiri atakayepewa mamlaka ya kuviondoa. Baraza litakuwa na wahitimu na wazazi ndani yake, pamoja na wenye karakana ndogo, ambao aghalabu ndio wanaochukua vijana wengi ilhali sauti yao haisikiki.

Wengine wameuliza kwa nini waajiri wasilipie mafunzo haya peke yao. Tatizo ni kwamba mwenye karakana ya watu watano anayetumia mwaka mzima kumfundisha kijana anaweza kumpoteza kesho yake kwa mshindani aliyemwahidi mshahara mkubwa zaidi, na akitendewa hivyo mara mbili hataki tena kumfundisha mtu. Kila mmoja humngoja mwenzake, na mwisho hakuna anayefundisha. Brazili ilikabili tatizo hilo mwaka 1942 kwa kuunda taasisi ya mafunzo ya viwanda inayoitwa SENAI, inayogharamiwa na mchango wa lazima unaokatwa kwenye malipo ya mishahara ya viwanda. Harambee yetu ni ya hiari, lakini inasimama juu ya wazo hilo hilo: ujuzi unaofaidi wote ugharamiwe na wote, kila mmoja kwa uwezo wake.

Anayeweza kutoa fedha, atoe kiasi alichojaliwa, kwa mkupuo au kwa ahadi ya kila mwezi, kupitia akaunti ya chuo pekee, na adai risiti. Hakuna mjumbe wa kamati aliyeruhusiwa kupokea fedha taslimu njiani au nyumbani. Mwajiri anaweza kuahidi nafasi za mafunzo kazini, mashine inayofanya kazi ambayo ameibadilisha kwa mpya, au siku za fundi wake. Mhitimu anaweza kutujazia dodoso la uchunguzi kwa ukweli, hata kama ukweli huo hautupendezi, na kumpokea mwanafunzi mmoja chini yake. Wazazi mtusaidie kuwasindikiza wanafunzi watakaozunguka kuuliza maswali.

Fomu za ahadi zinapatikana katika ofisi ya mkuu wa chuo na kwa wajumbe wote wa kamati. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, yatakaguliwa na mkaguzi asiye mjumbe wa bodi, na taarifa yake itasomwa mbele ya mkutano wa wazazi, waajiri na wahitimu. Katika mkutano huo huo tutasoma pia majina ya fani ambazo baraza limeona zibadilishwe, na zile ambazo limeshauri zifungwe. Yule kijana wa vidhibiti amekubali kuwa mwakilishi wa wahitimu katika kikundi cha umeme, na ameomba kazi ya kwanza ya kikundi hicho iwe kuandika orodha ya vitu ambavyo hakuonyeshwa.

Wenu katika utumishi,
Bodi ya Chuo na Kamati ya Harambee