Kambare ametoroka beseni? Hatujakuuzia jini

Wiki jana mteja wetu wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, alitupigia simu hata jua halijachomoza. Kambare aliyemnunua jioni, akamtia kwenye beseni jikoni ampike kesho yake, hayumo. Tukamwambia atazame penye unyevu. Akamkuta nyuma ya mtungi wa maji, mzima, mdomo unafunguka na kufumba. "Nyinyi mmeniuzia samaki au jini?"

Hatumlaumu. Sisi watu wa pwani tumezoea changu na tafi, ambao hufa hata kabla mashua haijafika Malindi. Kambare wa mto Sabaki tumeanza kuwaleta kwa sababu wateja waliotoka bara walikuwa wakiwaulizia kila siku, na kila tunapouza mmoja tunajibu maswali matatu.

Changu hufa hewani ingawa hewa imemzunguka pande zote. Matamvua yake ni nyuzi laini zinazoelea majini. Ukimtoa, nyuzi zile hulala na kugandana kama nywele zilizolowa, na sehemu ya kuvutia oksijeni inabaki ndogo mno. Kambare naye ana matamvua, lakini juu yake ana chumba chenye vitawi vilivyojaa damu, ukivitazama utadhani ni matumbawe. Hupanda juu ya maji, akameza hewa, na hewa ile hutumika humo. Madhali hajakauka, ataishi saa nyingi nje, na usiku atatambaa kwa kujisukuma na mapezi ya kifuani. Mapezi hayo yana miiba, kwa hiyo mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa.

Ndiyo maana tunamleta kwenye gunia bichi bila maji. Wapo wanaodhani ni uvivu wetu. Siku za mwanzo tuliwapakia kwenye ndoo zilizojazwa pomoni na kufunikwa vizuri, tukafikisha maiti: oksijeni ya majini iliisha upesi na hewa ya juu hawakuipata. Ukitaka kumlaza nyumbani, tia maji nusu beseni, funika kwa wavu, na juu ya wavu weka jiwe. Jiwe usilisahau.

Mteja mwingine alituletea video ya samaki anayetembea barabarani, imeandikwa ni sangara, akauliza kama mbuta tunayemuuza (sangara wa Watanzania ndiye huyo huyo) anaweza kufanya hivyo. Hawezi. Mbuta anahitaji maji yenye oksijeni nyingi, na akitolewa ziwani hufa upesi. Yule wa video ni samaki mdogo wa Asia, Anabas testudineus, anayefanana naye kwa jina tu katika lugha za wageni. Huyo ana kiungo chenye mikunjo mingi kichwani cha kuvutia hewa, na hujikokota kwa miiba ya vifuniko vya matamvua. Mwaka 1797 ilichapishwa London taarifa ya Daldorff, ofisa wa Denmark aliyekuwa Tranquebar kule India, kwamba alimkuta mmoja akikwea mti wa jamii ya mvumo. Wengi waliona ametia chumvi. Kutembea hakuna ubishi.

Wala huna haja ya kwenda India. Maji yakitoka pale hori ya Mida, vile visamaki vyenye macho ya utosini hurukaruka juu ya tope kwenye mikoko, vikipumua kwa ngozi na kwa ndani ya mdomo. Na kamongo ana mapafu hasa. Hata akiwa majini, asipopanda kuvuta hewa atakufa. Kama samaki anayevuta hewa achinjwe au la, hilo kamuulize sheikh wako, sisi tunauza tu.

Tunachoogopa ni mteja kuchukua kanuni ya kambare akampelekea jodari au nguru. Kambare anayepumua hahitaji barafu, lakini akishakufa anaharibika kama wenzake. Jodari akikaa joto kwa saa chache hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa: uso unawasha na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wakati mwingine samaki mwenyewe hana hata harufu mbaya. Kwa hao, dai barafu kwetu na kwa muuzaji yeyote. Angalia jicho lililojaa na matamvua mekundu. Kucheza mkia si kipimo chao.

Utelezi wa kambare utaondoka ukimsugua kwa majivu au chumvi, kisha maji ya moto. Ukipenda aje ameshatengenezwa, sema unapoagiza. Tunampiga kichwani kwanza, tunamtoa matumbo, tunamlaza kwenye barafu. Kichwa tunakiacha, maana wa mchuzi wa nazi wakikikosa hurudi kugomba. Yule mama wa Barani ameagiza tena, safari hii akasema aje vipande vipande.